Sura ya Saba: Thamani Uliyoiandika Mwenyewe

Nyumba ya mtu wa kipato cha kati jijini Dar es Salaam hujengwa kwa miaka. Kwanza kiwanja, kisha tofali zinafyatuliwa na kupangwa pembeni, kisha msingi, kisha kuta mpaka kwenye lenta. Hapo kazi inasimama miaka miwili mitatu ada za shule zikilipwa, hadi mkopo wa SACCOS au kiinua mgongo kisaidie kupaua. Familia inahamia kabla ya dari. Vigae vinaingia chumba kimoja kimoja, na rangi ya nje inangoja. Mwenye nyumba, kama ni mtu wa mpangilio, ana daftari la matumizi na bahasha ya risiti. Siku wakala wa bima anapomuuliza nyumba ina thamani gani, analifungua daftari lile, anajumlisha, anaandika.

Jumla ile imechanganya saruji ya mwaka 2009, mabati ya 2013 na vigae vya 2018, kila kimoja kwa bei ya siku yake. Haisemi lolote kuhusu gharama ya kuisimamisha nyumba hiyohiyo mwaka huu, kwa mkupuo, kwa fundi wa leo na nondo za leo. Na bima ya nyumba haitaki kujua kingine. Katika mambo yote yanayowaumiza watu waliokwisha kulipa bima zao kwa uaminifu, naliweka hili mbele kwa sababu halionekani. Vipengele vinavyotaja yasiyolipwa viko kwenye hati, na anayetaka kuvisoma atavisoma. Thamani ndogo haikuandikwa na kampuni. Uliiandika wewe, na haikusumbui hata kidogo mpaka siku ya moto.

Tuseme mwalimu mstaafu wa Goba ameandika shilingi milioni 70. Moto unaanzia jikoni, unakula stoo na sehemu ya paa. Kampuni inamtuma mkadiria hasara, ambaye anafanya kazi mbili: anapima gharama ya kilichoharibika, kisha anapima gharama ya kuijenga nyumba nzima upya. Hiyo ya pili ndiyo watu wasiyoitarajia. Anakuta hasara ni milioni 36, na nyumba nzima ingehitaji milioni 140. Mwalimu anaitazama hati yake. Amekatia milioni 70, hasara ni 36, iko chini kabisa ya kiwango chake. Anategemea zote 36. Atalipwa 18.

Kinachofanya kazi hapo ni sharti la uwiano, ambalo kwenye ofisi za bima utalisikia likiitwa avareji. Umekatia bima nusu ya thamani ya nyumba, kwa hiyo kampuni inakuhesabu kuwa ulibeba nusu nyingine mwenyewe, na katika kila hasara, iwe kubwa au ndogo, mnagawana. Milioni 70 juu ya 140 ni nusu. Nusu ya 36 ni 18. Kisha inaondolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo hati inasema utaibeba wewe. Ikiwa ni asilimia 10 ya dai, mwalimu anaondoka na milioni 16.2, na paa lake bado liko wazi.

Sharti lenyewe lina haki ndani yake, na ni vizuri kulielewa kabla ya kulichukia. Moto mwingi hauteketezi nyumba nzima. Kama mtu angeruhusiwa kulipia nusu ya nyumba na bado alipwe kikamilifu kila jiko linapoungua, yule jirani aliyelipia nyumba yake yote angekuwa anamchangia. Lawama yangu iko kwingine. Iko kwa anayeuza bima akaiona fomu yenye milioni 70 kwa nyumba ya vyumba vinne yenye ukuta na kisima, akanyamaza kwa sababu ada ndogo ni rahisi kuuzika. Dakika tano za maelezo ya mfano kama huu zingetosha. Yeye anajua, mteja hajui, na kimya chake ni kimya cha mtu anayejua.

Basi uandike kiasi gani? Hapa watu wengi wanaangukia kosa la upande wa pili. Wana taarifa ya mthamini, pengine waliyofanyiwa walipoomba mkopo benki, na ndani yake mna bei zaidi ya moja. Kuna bei ya soko, yaani kiasi ambacho mnunuzi angetoa leo kwa nyumba pamoja na kiwanja chake. Kuna bei ya kuuza kwa haraka, ambayo benki inaitazama kwa siku ya mnada. Na mara nyingi, mwishoni, kuna gharama ya kujenga upya. Ya tatu ndiyo yako. Ukinakili ya kwanza kwa nyumba ya zamani ya Mikocheni, umekatia bima ardhi, na ardhi haiungui. Utalipa ada kubwa kila mwaka kwa kitu ambacho kampuni haitakuja kukulipa, kwa sababu fidia ya bima haizidi hasara halisi. Ukinakili ya pili, umejishushia kiwango kwa hiari yako. Na kwa nyumba nzuri iliyojengwa kijijini, mambo yanageuka: bei ya soko inaweza kuwa chini sana kuliko gharama ya kujenga, kwa kuwa hakuna mnunuzi wa nyumba ya milioni 150 pale, ingawa saruji iliyoingia ni ileile ya mjini na nauli ya lori juu yake.

Kama huna taarifa ya mthamini, mtafute mkadiriaji majenzi. Hawa ni wataalamu tofauti, na Tanzania inawasajili kwa bodi tofauti: mthamini anajua mali inauzika kwa kiasi gani, mkadiriaji majenzi anajua kuta, paa na mabomba yanagharimu kiasi gani. Kwa kazi hii wa pili ndiye mwenye jibu la moja kwa moja. Hakikisha hesabu yake inabeba ukuta wa uzio, geti, kisima, tanki na mnara wake, banda la mlinzi, shimo la majitaka na tofali za chini za uwanjani, ukitaka navyo vilindwe. Halafu yaongeze yale ambayo daftari la ujenzi halikuwahi kuyajua kwa sababu nyumba ilikuwa haijaungua: kubomoa mabaki, kusomba kifusi, kumlipa mchoraji ramani na mhandisi, kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kifusi cha ghorofa moja kinajaza malori mengi kuliko unavyodhani.

Kisha rudia hesabu hiyo kila mwaka unapohuisha bima. Usimwachie wakala aandike kama mwaka jana. Hati nyingine zina kipengele kinachosamehe pengo dogo, kwa mfano pale kiasi kilichokatiwa kinapokuwa si chini ya asilimia 85 ya gharama halisi. Uliza kama yako inacho. Kama haina, omba kiongezwe, na ukiongezewa, ukione kimeandikwa.

Kuna swali lingine linalokaa jirani na hili: utalipwa cha zamani au kipya? Bima ya kawaida inakurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya moto, na dakika moja kabla ya moto mabati yako yalikuwa na umri wa miaka 15. Mkadiria atakata uchakavu. Utapewa thamani ya mabati ya miaka 15, ambayo haikununui bati jipya hata la nusu ya paa. Njia ya kulikwepa hilo ni kuomba bima ya kurejesha upya, inayolipa gharama ya kujenga kwa vifaa vipya. Ada yake hupanda kwa sababu kiasi kinachokatiwa ni kikubwa zaidi, lakini kwa jengo naiona ndiyo pekee yenye maana. Ina sharti lake: lazima ujenge kweli, na ujenge ndani ya muda unaostahili. Ukiamua kuchukua fedha ukanunue kiwanja kwingine, unarudishwa kwenye hesabu ya uchakavu.

Wapo pia ambao hawataruhusiwa kujenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe. Nyumba zilizosimama bondeni kwa miaka 30 zinaweza kuwa na bima, na ada inaweza kuwa inalipwa bila bughudha. Siku zikibomoka, mwenyewe anaomba kibali kipya na kibali hakitoki. Aliye karibu na mto aulize mapema hati yake inasemaje iwapo mamlaka itamzuia kujenga palepale.

Turudi kwenye majanga yenyewe. Chimbuko la bima ya nyumba ni moto, na hadi leo hati ya msingi inayouzwa kwetu hulinda moto, radi na aina fulani za mlipuko, basi. Mafuriko, tufani, tetemeko la ardhi, gari kugonga ukuta, bomba kupasuka, ghasia: haya huongezwa, mara nyingine kwa ada ya nyongeza, mara nyingine yakiwa yameshafungwa pamoja kwenye bima ya familia inayobeba jengo, vyombo na wafanyakazi wa ndani kwa mkupuo. Mtu anayesema "nimekata bima ya nyumba" bado hajasema amekata bima ya nini.

Watu wa Bukoba walijifunza kuhusu tetemeko tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilipotikisika kwa ukubwa wa 5.9 na nyumba za tofali za kuchoma zikapasuka katikati. Kabla ya siku ile, ni wachache mjini pale waliokuwa wakiulizia kipengele cha tetemeko. Kule Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023 mvua ilishusha tope, mawe na magogo hadi sebuleni kwa watu. Lile lilikuwa mafuriko, au maporomoko ya ardhi? Kwa aliyefukiwa, tofauti haina maana. Kwa mwenye hati ya bima inaweza kuwa tofauti ya kulipwa na kutolipwa, kwa sababu hati inaweza kutaja mafuriko na kuyaacha maporomoko, au kuyataja kwa kipengele chenye masharti yake. Anayeishi mteremkoni, Lushoto, Mgeta, Murang'a au Bududa, aulize kwa maneno hayahaya: tope likishuka kutoka juu, nalipwa?

Maji yana ugomvi wa namna nyingine. Bomba likipasuka ghafla au tanki likifurika, bima nyingi zinalipa. Maji yakipenya kidogo kidogo kwa miaka chini ya sinki, au unyevu ukipanda ukutani kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni, hailipwi. Kampuni inalipia tukio. Uchakavu na uzembe wa ujenzi vinabaki kwako. Ndiyo sababu wenye nyumba za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ya kale, za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, wanahitaji kumbukumbu za ukarabati kuliko mtu yeyote. Boriti iliyooza ikiangusha dari siku ya masika, kampuni itauliza: iliangushwa na mvua au ilikuwa imekwisha? Picha na risiti ya fundi wa mwaka uliopita ni jibu. Wenye paa la makuti wao wanalipa ada ya juu, na wengine wanakataliwa kabisa. Na ole wake anayejenga banda la makuti la kupumzikia, akaliunganisha na nyumba ya bati, asiseme.

Umeme nao unagawanywa. Shoti ikiwasha moto na moto ukachoma chumba, chumba kinalipwa. Umeme uliokatika ukirudi kwa nguvu na kuunguza friji bila mwali wowote, hati nyingi hazilipi friji hiyo isipokuwa umeongeza kipengele chake. Na ikiwa nyaya zilifungwa na fundi asiye na leseni, mkadiria ataliona hilo kwenye kilichobaki cha ubao wa swichi.

Ghasia za kisiasa ziko mbali zaidi. Baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu wengi walioteketezewa nyumba na maduka walikwenda kwa kampuni zao na kujibiwa kwamba machafuko ya namna ile yametajwa kwenye orodha ya yasiyolipwa. Tangu hapo bima ya vurugu za kisiasa na ugaidi imekuwa ikiuzwa peke yake. Mwenye fremu za biashara katikati ya mji afikirie kuinunua. Asidhani kipengele cha "ghasia na migomo" kwenye bima yake ya nyumba kinaifikia.

Na fremu hizo ndizo zinazotuleta kwenye jambo la pili kwa uzito baada ya thamani. Nyumba zetu zinabadilika kazi. Ulipoijaza fomu ilikuwa makazi ya familia. Miaka miwili baadaye umepiga fremu tatu upande wa barabarani: moja saluni, moja ya wakala wa fedha za simu, moja inauza mitungi ya gesi. Uani mama anakaanga vitafunwa vya oda kwa mafuta mengi. Chumba cha juu kinapangishwa kwa wageni wa siku mbili tatu. Hakuna baya hata moja hapo, ni riziki. Lakini kampuni ilipanga ada kwa nyumba ya kulala watu, na sasa inabeba duka la gesi bila kujua.

Bima imejengwa juu ya wajibu wa kusema. Wajibu huo ulipewa umbo mwaka 1766 London, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza kule Sumatra, na aliikatia bima ngome dhidi ya kutekwa. Wafaransa wakaiteka, na mtoa bima akakataa kulipa akidai hakuambiwa udhaifu wa ngome ile. Jaji Lord Mansfield alieleza kwamba anayekata bima ndiye anayezijua habari za mali yake, hivyo hana budi kuzitoa. Kinachosahauliwa ni kwamba Carter alishinda: hali ya ngome na hatari ya vita ni mambo ambayo mtoa bima angeweza kuyajua au kuyauliza mwenyewe. Uingereza ilikuja kuulegeza wajibu huu kwa wenye nyumba wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012, ikawataka wajibu maswali kwa uangalifu bila kulazimika kubahatisha ni nini kingine kampuni ingependa kujua. Kwetu, tuliorithi sheria ya Kiingereza ya zamani, ni salama kuishi kana kwamba ule wajibu mzito bado uko juu yako. Andika barua fupi au barua pepe: nimejenga fremu tatu, mojawapo inauza gesi. Hata kama ada itapanda. Barua hiyo, ikiwa na muhuri wa kupokelewa, inamwondolea mkadiria swali ambalo lingekugharimu nyumba.

Kuna nyumba nyingine zinazobadilika kazi kwa kukosa watu. Kigamboni, Madale, Mtwapa na Fumba zimejaa nyumba nzuri za watu walio Muscat, London au Minneapolis. Mwenyewe anakuja Desemba. Bima nyingi za nyumba zina kipengele kinachosema kwamba nyumba ikikaa bila mkaazi zaidi ya siku kadhaa mfululizo, mara nyingi 30, ulinzi dhidi ya wizi, uharibifu wa makusudi na maji ya bomba unasimama. Mlinzi anayelala kibandani getini si lazima ahesabiwe kuwa mkaazi wa nyumba, wala shangazi anayepita Jumapili kufungua madirisha. Ukiwa mbali, omba kampuni ikubali kwa maandishi hali halisi ya nyumba yako. Na kama nyumba bado inajengwa, jua kwamba bima ya nyumba haikuhusu kabisa. Ujenzi una bima yake, inayobeba hatari za eneo la kazi na vifaa vilivyo stoo.

Sasa tuulize nyumba ni ya nani. Ili ukate bima lazima uwe na cha kupoteza. Hilo ni rahisi kwa mwenye hati ya nyumba yenye jina lake, na gumu kwa familia ambayo baba alifariki, mirathi haijafunguliwa, na mtoto mmoja anaendelea kulipa ada ya bima kwa jina la marehemu kwa kuwa ndivyo lilivyo kwenye faili. Yeye anaona anatunza mali ya ndugu zake. Siku ya hasara kampuni itauliza mkataba huu ni wake na nani, na malipo yataganda mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Afadhali msimamizi ateuliwe kwanza, kisha bima isimame kwa jina lake kwa niaba ya warithi.

Mnunuzi ana mtego wake, na hakuna kesi inayoueleza vizuri kuliko ya familia ya Preston huko Uingereza. Waliuza nyumba kwa pauni 3,100. Mkataba wa mauzo ukiwa umesainiwa lakini malipo hayajakamilika, moto ukaiharibu. Kampuni ya bima ya muuzaji ikamlipa pauni 330. Mnunuzi, Rayner, akadai fedha ile ni haki yake kwa kuwa nyumba iliyoungua ilikuwa njiani kuwa yake. Mwaka 1881 Mahakama ya Rufani ilimkatalia: bima ni mkataba kati ya muuzaji na kampuni, haisafiri pamoja na nyumba. Rayner akalipa bei yote kwa nyumba iliyoungua. Kisha kampuni ikarudi kwa muuzaji: umelipwa bei kamili, basi hukupata hasara, turudishie zetu. Mwaka 1883, katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston, ikashinda. Mnunuzi hakupata kitu, muuzaji hakubaki na kitu. Kesi hizi zinafundishwa hadi leo kwenye vyuo vya sheria vya Afrika Mashariki, na somo lake kwa anayenunua nyumba Kimara au Ruiru ni la siku hiyohiyo ya kusaini: mkataba useme wazi hatari inahamia kwako lini, na bima yako ianze saa ileile. Maneno ya dalali kwamba "nyumba ina bima tayari" hayakuhusu.

Mwenye mkopo wa nyumba naye ajue anachokilipia. Benki hudai bima, mara nyingi inaipanga yenyewe na kukata ada kwenye marejesho. Kuna bima ya maisha inayolipa deni ukifa, na kuna bima ya jengo. Ni mbili tofauti, na nimewakuta watu waliodhani wanayo ya pili kumbe ni ya kwanza tu. Hata ya jengo ikiwepo, benki imeandikwa kuwa mpokeaji wa kwanza wa fidia, na kiasi kilichokatiwa kinaweza kuwa kimepangwa kufuata deni. Deni linaposhuka hadi milioni 30 kwa nyumba ya milioni 140, benki iko salama. Wewe huko. Dai nakala ya hati yenyewe. Una haki ya kusoma mkataba unaoulipia, na ofisa akikwambia iko makao makuu, mwambie utasubiri.

Vyombo vya ndani nitavipita haraka. Jengo na vyombo ni sehemu mbili tofauti za bima, na ya kwanza haibebi sofa. Wizi hulipwa pale ambapo kuna dalili za kuvunja. Aliyeingia kwa mlango uliosahauliwa wazi, au mgeni aliyeondoka na mkufu, mara nyingi hamo. Fedha taslimu huachwa nje au kuwekewa kikomo kidogo, na dhahabu huwa na kikomo mpaka uiorodheshe kipande kwa kipande. Simu na kompyuta unazotembea nazo zinahitaji kipengele chao. Piga video ya kila chumba mara moja kwa mwaka, fungua makabati ukirekodi, uitunze nje ya nyumba.

Wale wanaosita kwa sababu za dini, Zanzibar na Mombasa hasa, wana takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu. Kenya ilipata kampuni yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2011. Mfumo wa fedha ni tofauti, lakini maswali ya thamani, matumizi na majanga yanayotajwa yapo humo vilevile, na yanahitaji usomaji uleule.

Hasara ikitokea, cha kwanza ni watu kutoka salama na simu kwa Zimamoto, 114 kwa walio Tanzania. Baada ya hapo unaingia kwenye kazi ya karatasi ukiwa na huzuni, na ndipo makosa yanapofanyika. Ijulishe kampuni siku hiyohiyo, kwa simu na kwa maandishi; hati inataja muda, na muda huo ni mfupi. Chukua RB polisi, au namba ya OB kwa walio Kenya, na omba ripoti ya Zimamoto. Zuia hasara isizidi: funika paa kwa turubai, hamisha vilivyopona, tunza risiti za turubai. Lakini usibomoe wala kusomba kifusi kabla mkadiria hajaona, hata kama majirani wamejitolea. Mkadiria ni mtaalamu na wengi wao wanafanya kazi kwa haki, ila kumbuka ameajiriwa na kulipwa na kampuni. Unaweza kumleta mkadiriaji majenzi wako asimame naye siku ya kupima. Kwa hasara kubwa, nakushauri ufanye hivyo.

Hatimaye italetwa hati ya kukubali malipo. Ni ukurasa mmoja, na unasema kiasi hiki ni cha mwisho na kwamba huna dai lingine. Italetwa wakati familia imelala kwa ndugu wiki sita na fundi anataka malipo ya awali. Kabla ya kusaini, omba mchanganuo: hasara ilipimwa kiasi gani, uchakavu umekata kiasi gani, uwiano umekata kiasi gani, sehemu yako ni ipi. Wakikataa kutoa mchanganuo, usisaini. Ukiona sehemu haikubishaniwa na nyingine ina ubishi, omba kwa barua walipe isiyo na ubishi kama malipo ya sehemu, bila hati ya mwisho.

Mkishindwa kuelewana, anza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe, ukitaja namba ya hati na ya dai. Hapo pasipotoka jibu la kuridhisha, Tanzania ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu wasio na nguvu ya kwenda mahakamani, na ina Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayotoa leseni kwa kampuni, madalali na mawakala. Kenya ina Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, yenye dawati la malalamiko. Nenda na fomu ya maombi uliyojaza mwanzo, hati yenye viambatisho vyake vyote, risiti ya ada, barua ulizoandika kueleza mabadiliko, ripoti za polisi na Zimamoto, picha, na makadirio ya mtaalamu wako. Kama fomu ile ya mwanzo huna nakala yake, iombe leo kwa wakala wako, kabla hujahitaji kuitumia, uone namba iliyoandikwa pale kwenye thamani ya jengo.